Jogoo ya Adalbert na Inspektere wa Mwavuli

Katuba, Lubumbashi, tarehe 4 mwezi wa pili 2024

Yaya Virginie,

Miye Adalbert, mudogo yako, na weye dada yangu mukubwa, niko na miaka makumi saba na munane, na hii barua ninaiandika na mukono yangu mwenyewe, hakuna muntu ananishikia kalamu. Nimeishi kupita drapo, ile bendera ya Katanga, nimeishi kupita Zaïre na pesa yake ya makuta, nimeishi kupita treni za moshi, nimeishi kupita badoktere wawili benye balisema sitafika Noeli, na nimeishi kupita meno yangu yote ya juu. Muntu wa namna hii haogopi bule. Lakini yaya, mu nyumba yangu mwenyewe ninaogopa.

Mbele ya yote, salamu. Siye huku tuko, mvua inanyesha mingi. Mwana wangu Elisée anaendelea na soudure yake, kuchomelea milango ya chuma, na Deborah muke yake anauzisha sombe, kisamvu ya kutwanga, pale barabarani. Magoti yangu ilikuwa inauma, nikaikatalia, sasa inanyamaza. Samaki yenye ulitutumia mwezi wa kwanza na mama Mado, ule mwenye kuuzisha samaki, ilifika muzuri, tuliikula siku tano.

Sasa neno yenyewe. Kila mangaribi saa moja, kama courant ya umeme iko, televizyo inaonyesha filimu ya polisi, inatoka kule Ulaya. Kuko inspektere mumoja anatembeaka na mwavuli hata kama jua inawaka. Kwa akili, ule muntu ni miye, tunaachana rangi tu. Anaingia mu nyumba ya marehemu, hasemi kitu. Anafungua mulango ya chumba. Mule iko giza, na kijana mumoja eko mbele ya ekrani, uso yake bluu, maneti, ile kidude ya vifungo ya kuchezea, mu mikono, anacheza michezo ya video, anapiga bantu masasi ya bunduki. Hapo ngoma inaanza, dum, dum, dum. Inspektere anafunga mwavuli. Muuaji amepatikana. Nimeona épisode sita, vipande sita. Mu nne, muuaji alikuwa muchezaji wa video. Mu ya tano alikuwa padri wa bandia, lakini naye alikuwa na mashine chini ya kitanda.

Na mu nyumba yangu, yaya, kuko Syntiche. Ule mujukuu wangu, binti ya Elisée, miaka kumi na tisa, mwenye ninaitaka "bibi yangu" naye ananiita "bwana yangu", vile ba nkambo, babu na nyanya, na bajukuu banachezaka kama bwana na muke toka zamani. Tantine yake, shangazi wa Golf, kule ku mutaa wa batajiri, alimupatia mashine ya video. Toka hapo niliandika alama mu kaye, daftari yangu. Ukimuita, haitiki. Anacheka peke yake. Anafunga rido, pazia ya dirisha. Anashika maneti namna muntu anashika shingo ya kuku.

Na hapa njo nilitoka jasho: jogoo yangu ilipotea. Ule mwekundu, mwenye kidole moja ilikatika pa mukulu, muguu wa kushoto. Katikati ya mwezi wa kwanza niliamuka, hakuna jogoo. Pa mulango ya kibanda ya kuku manyoya tatu, na pa ngazi, juu ya mukeka, damu. Inspektere anasemaka, banaanza na banyama, kisha bantu. Kisha jogoo, nani mukubwa mu hii lupango, hii kiwanja ya nyumba? Ni miye.

Nilimuuliza Syntiche: "Bibi yangu, jogoo iko wapi?" Akajibu bila kugeuka: "Bwana yangu, miye nakulaka mayai tu." Inspektere angefunga mwavuli pale pale.

Kwa hiyo ninalomba umupokee kule Pweto, mbali na mashine. Jean-Claude, ule chauffeur wa kamio ya samaki, anaweza kumuleta tarehe 10 mwezi wa ine, Aprili. Ni lazima iwe mbele ya tarehe 13, kwa sababu hiyo siku kuko tournoi, mashindano, ku Golf, bachezaji makumi ine banapigana mu video, na mushindi anapata ordinateur, kompyuta. Syntiche anasema anaihitaji kwa masomo yake ya informatique. Elisée anakataa kumutuma bila neno yako, eti weye njo mukubwa wa famille. Basi sema neno.

Mu anveloppe nimeweka kipande ya mukeka yenye iko na ile damu. Iangalie muzuri. Na usinipigie simu, hata ya muntu mwingine. Mu filimu banakamataka bantu bote na telefone.

Mudogo yako mwenye macho,
Adalbert

*

Pweto, 26 Februari 2024

Mudogo yangu Adalbert,

Salamu nyingi kutoka hapa ziwani. Mimi niko, macho inaona bado, miguu inafika kanisani na kurudi. Maji ya ziwa imepanda, batu ba upande wa chini bamehamisha vitanda. Samaki iko, jua ya kuikausha njo haiko. Ma-sœur, batawa baliojenga shule yetu, balikuwa banasema mwandiko wangu ni muzuri, sasa mistari inapinda, unisamehe.

Barua yako nilisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mupaka jirani akakuja kuuliza kama kuna msiba. Mara ya pili nilikaa chini.

Unasema miaka makumi tatu na moja ulichunga depo ya chemin de fer, ya reli. Hukusema mu barua hii, lakini unasemaka mu zote, kwa hiyo nimeisoma hata pale haipo. Basi unieleze, muchungaji: ule inspektere wako, kwa nini hamuulizi kamwe kijana anacheza nini? Katika filimu zile, kijana hafungui kinywa mupaka dakika tano za mwisho, na akifungua ni kwa kukubali kosa. Mimi pia niliangalia mbili kwa padri. Ngoma inapiga mbele mutu hajafanya kitu. Wewe unajua muuaji kwa sababu batu ba filimu balikuambia na ngoma.

Na swali moja, usikasirike. Mwaka wa 1963, kwetu, ulicheza kisolo, ule muchezo wa bao na mbegu, na Chola, mutoto wa mama mudogo. Alikula mbegu zako zote, mashimo yako ikabaki mitupu. Ukainua ubao wa kisolo na mikono miwili, na jino la Chola likaenda kuanguka mu mboga ya mama. Mimi njo nililiokota. Ile siku ulikuwa umeangalia televizyo gani?

Neno juu ya Syntiche sitoi leo. Kwanza ukae karibu naye, siku kumi, umuone anacheza. Usiandike kitu mu kaye. Kisha unieleze ulichoona, halafu nitasema kama anakuja ao anabaki.

Tena, aksanti kwa ile uliweka mu kitunga, kikapu ya Mado. Unajua desturi yetu, kitunga cha samaki hakirudi kitupu, lakini safari hii ulipitisha kipimo. Ilifika muzima. Jirani bote banaijua.

Kile kipande cha mukeka nimekiangalia. Nimekinusa pia. Tutaongea.

Yaya yako,
Virginie

*

Katuba, tarehe 17 mwezi wa tatu 2024

Yaya Virginie,

Salamu. Mvua inapunguka. Deborah alikuwa na malaria, sasa eko anatwanga sombe kama zamani, na hiyo sombe utaisikia hapa chini. Barua yako ilichelewa, Jean-Claude alilala njiani siku ine, kamio ilikwama mu matope.

Juu ya Chola sina kitu ya kusema. Hiyo jino ilikuwa inatikisika tayari.

Unaniambia aksanti juu ya kitunga. Sijui unasema nini. Labda Deborah aliweka muhogo. Ila sijaona bado muhogo yenye bajirani banaijua.

Nimefanya vile ulisema. Siku ya kwanza niliingia mu chumba ya Syntiche na kiti yangu. Akaniangalia: "Bwana yangu, unakuya kunikamata?"

Nikasema: "Ninakuya kuangalia tu. Cheza."

Yaya, miye nilingojea ngoma. Nilijua ikipiga nitakimbia, mulango niliuacha wazi kwa sababu hiyo. Na kweli, nusu saa haijaisha, nasikia dum, dum, dum. Niliruka na kiti yote. Kumbe ni Deborah na kinu yake ya sombe. Syntiche alicheka mupaka maneti ilianguka. Ngoma ingine sikusikia, siku zote kumi.

Chumba haiko giza. Rido anaifunga juu jua inagonga mu ekrani, huoni kitu. Uso yake haiko bluu, isipokuwa kama muntu wa bluu anapita mu ekrani. Kuitika hawezi, juu mu ile mchezo ukifumba macho kidogo tu, umelala chini. Hapana masasi, ni ngumi na mateke. Kuko mwanamuke wa nywele ndefu, kuko muntu wa chuma, kuko muzee mumoja munene wa ndevu. Akishindwa anaamuka, anapangusa vumbi, anainamia mwenzake kama muntu wa adabu. Hiyo sikuiona kwa inspektere. Kule muntu akianguka anaanguka, banamufunika na karatasi ya plastiki.

Siku ya tatu nilishika maneti, kwa uchunguzi. Inspektere hawezi kuhukumu kisu bila kuishika. Nilichagua ule muzee wa ndevu. Siku ya sita nilimushinda Syntiche mara tatu zikifuatana, na hakuna muntu alinifundisha. Siku kumi ziliisha, lakini nikaona uchunguzi haujakomaa, nikaongeza zingine. Filimu ya polisi sijaiona juma mbili, courant ilikuwa inasumbua. Mu chumba ya Syntiche courant ilikuwako, sijui kwa nini.

Lakini usifikiri nimelainika. Jogoo ni jogoo. Jana niliita conseil, kikao ya famille, mu salon. Nilibakalisha bote pa viti, nikasimama, nikatembea kutoka dirisha mupaka mulango vile inspektere anafanyaka, na mwavuli wa Deborah. Nikasema: "Mu hii nyumba, mumoja kati yetu aliua." Elisée akasema: "Papa, ni jogoo." Nikasema: "Unajuaje nitasema jogoo?" Hapo niligeuka kwa Syntiche, nikamulenga na mwavuli: "Ni weye."

Yaya, nilifikiri atacheka. Hakucheka. Aliamuka, akasema: "Siku kumi na zaidi umekaa karibu na miye, na bado unaniona muuaji?" Kisha akasema: "Sawa, Monsieur Adalbert. Nitangojea neno ya nkambo wa Pweto." Toka jana ananiita vile. Monsieur Adalbert, chakula iko pa meza. Monsieur Adalbert, maji ya kuoga. Hata "nkambo" hasemi, "bwana yangu" hata kidogo. Maneti alifunga mu sanduku.

Elisée alikumbusha bote desturi: mwenye kushitaki mutu wa famille bila haki analipa kuku mweupe, na anaileta na mikono miwili mbele ya bote. Nikasema, sawa, miye sina mashaka. Sina mashaka, yaya. Lakini usichelewe. Ikifika tarehe 10 bila neno yako, nitamupandisha mu kamio.

Mudogo yako,
Adalbert

*

Pweto, 5 Aprili 2024

Adalbert,

Salamu ni fupi, Jean-Claude amewasha kamio na anapiga honi nje. Mimi niko muzuri.

Neno yangu: Syntiche anabaki. Aende ku tournoi.

Jogoo yako iko hapa. Ni nyekundu, kidole kimoja hakuna ku mukulu wa kushoto, na inawika saa tisa ya usiku kama mutu anayeitwa ku kazi. Bajirani banaomba niikule. Nimekataa, ni preuve, ushahidi.

Ulinitumia wewe mwenyewe. Mado alinieleza byote siku alifika. Alikuwa anataka kuondoka, kitunga kitupu mukononi, akasimama mu mulango ya salon. Akakuita: "Baba." Hukuitika. "Baba, yaya yako atapata nini mu kitunga?" Hukuitika. Mara ya tatu ulinyoosha mukono kuelekea lupango bila kutoa macho mu televizyo, ukasema: "Kamata, kamata ile kubwa, acha nisikie." Kubwa mu lupango ilikuwa jogoo. Akakamata. Ilimupiga mabawa, chupa yake ya mafuta ya ngazi, ile mawese nyekundu ya kupikia, ikamwangika pa ngazi. Damu uliyonitumia mu anveloppe, ningekuwa na kisamvu ningeipikia.

Ukiitwa, huitiki. Hiyo ni alama ya kwanza mu kaye yako, kama sijasahau.

Utauliza kwa nini sikusema toka mwezi wa pili. Ningesema, ungekuwa na haki ya kukasirika juu ya jogoo, na usingekaa kamwe karibu na ule mutoto. Tena, nilikuwa ninacheka. Makosa yangu ni hiyo conseil. Sikufikiri utamulenga mutoto na mwavuli mbele ya babake. Sehemu hiyo ya kuku mweupe, ningekuwa karibu ningelipa mabawa.

Chola eko avenue ya tatu kutoka kwako. Ni miaka makumi sita na moja toka ile jino.

Virginie

*

Katuba, tarehe 21 mwezi wa ine 2024

Yaya Virginie,

Salamu, na pole kwa kelele ya ile jogoo. Ilikuwa inawika saa tisa hata huku, sikukuambia, nilifikiri utajionea. Siye tuko bazima bote. Magoti ilianza tena, nimeikatalia tena.

Barua yako ilifika tarehe 9 mangaribi. Sanduku ya Syntiche ilikuwa imefungwa kamba tayari, iko pa mulango. Niliisoma pole pole. Nikaisoma tena, nikitafuta pale ulikosea. Hakukuwa. Kisha nikamuita Elisée anisomee kwa sauti, labda macho yangu inanidanganya. Kufika pa mafuta ya ngazi, Deborah alitoka inje, nikamusikia anacheka, anajipiga mapaja.

Kukumbuka, sikumbuki. Ninakumbuka ile épisode: muuaji alikuwa dereva. Lakini ya Mado hata neno moja.

Kesho yake asubui nilitafuta kuku mweupe Katuba nzima. Nilifika mbele ya bote, nimeishika na mikono miwili, na ninakuambia, muntu wa miaka makumi saba na munane mwenye kubeba kuku mbele ya mujukuu wake, njia ya kutoka mulango mupaka kiti ni refu kupita reli ya Kamina. Nikasema: "Syntiche, dosye ya kesi imefungwa. Muuaji hakuna. Muntu mwenye kutoa jogoo ni miye." Akapokea kuku. Akaniangalia ile namna yako. Akasema: "Bwana yangu, umesimama sana. Kaa chini." Nilikaa haraka, kwa sababu ya magoti.

Akaniambia sharti moja: nimusindikize ku Golf. Nilivaa koti ya chemin de fer, ile ya vifungo vya shaba. Kule nyumba ni kubwa, mbwa banakula muzuri kupita siye. Mu salle ya mashindano, mama mumoja wa miwani ya jua aliniuliza: "Papa, hauogope batoto banajifunza ukali hapa? Miye niliona ku filimu." Nikamujibu: "Mama, miye ni mutaalamu wa hiyo filimu. Kaa hapa, tuhesabu pamoja."

Tulihesabu. Bachezaji makumi ine, toka asubui mupaka saa kumi. Marehemu: hakuna. Damu: hakuna, hata ya mafuta. Kijana mumoja alilia, mama yake akamupatia fanta. Ngoma ilipiga mara moja, ni mwenye dyskoteki ya jirani alikuwa anajaribu baffle, spika zake. Mama wa miwani alishituka. Nikamuambia: "Ni sombe tu." Hakuelewa, lakini alitulia.

Syntiche alifika pa fainali, babaki wao wawili. Mwenzake alikuwa kijana wa hapo hapo Golf, mikono myepesi kama muntu wa kupiga guitare. Yaya, nilisimama pa kiti. Walinishusha, nikasimama tena. Syntiche alishindwa. Kidogo tu, namna hii, ukucha moja. Ordinateur ilienda kwa ule kijana.

Nilifunga macho. Ninajua miye nini inafuata pale muntu anakulwa mbegu zake zote mbele ya bantu. Nilifungua, ninaona Syntiche ameamuka, amenyoosha mukono, anamuambia: "Ulicheza muzuri. Lakini ile teke ya mwisho utanifundisha." Ule kijana akacheka, akamufundisha pale pale, bote wawili wameinama. Kisha akasema ordinateur yake ya zamani ingali inafanya kazi, kama anataka aikamate. Iko hapa mu nyumba, inalia kidogo ikiwaka, lakini inaandika.

Mu basi ya kurudi nilimuuliza: "Bibi yangu, zile mara tatu nilikushinda, ulikuwa unacheza kweli?" Akasema: "Na mukono ya kushoto, bwana yangu." Nikasema: "Peke yake?" Akasema: "Na nilikuwa ninakula karanga." Hiyo usimuambie muntu.

Sasa ya mwisho, na nitaisema mara moja tu. Bachezaji makumi ine, na hakuna jino ilianguka. Mu kisolo yetu tulikuwa wawili. Na ile jino haikuwa inatikisika.

Jumapili iliyopita, kisha misa, nilikamata ubao wa kisolo na kuku mweupe ingine, nikaenda avenue ya tatu. Chola alikuwa inje, anaondoa majani mu muchele. Ameisha kuwa muzee, miye sijui alifanya nini. Aliona kuku, akajua. Aliona ubao, akarudisha kiti nyuma. Nikasema: "Usiogope, nitauweka chini." Akasema: "Uweke chini kwanza, kisha tuongee." Nikauweka. Tulicheza mupaka jua ikaingia. Alikula mbegu zangu zote, kama zamani. Niliamuka, nikapangusa vumbi, nikamuinamia. Akauliza: "Hiyo ulijifunza wapi?" Nikamuambia: "Mu video."

Kesho anakuya hapa, Syntiche atamuonyesha maneti. Nimemuchagulia mwanamuke wa nywele ndefu, muzee wa ndevu ni wangu.

Jogoo ikae kule. Ni yako, nilikupatia na roho yangu yote.

Mwenye atasema hii barua iko na uongo, amuulize Mado, aliniita mara tatu. Amuulize mama wa miwani ya jua wa Golf, tulihesabu naye. Amuulize Syntiche, lakini si juu ya karanga. Na amuulize Chola, ataapa na meno yenye ilibakia.

Mudogo yako,
Adalbert